Mashoka chakavu na kulabu ya magogo: kisa cha yadi moja ya mbao Mufindi

Kisa hiki ni cha yadi ndogo ya mbao wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Mwenye yadi alikuwa na kiroba cha vichwa vya mashoka yaliyochakaa, akataka vigeuzwe kulabu za kuvutia magogo. Fundi wa kwanza alizikata kwa grainda, zikaharibika zote mapema. Fundi wa pili alizifua motoni, na hizo zinafanya kazi. Nimezishika zote mkononi, zilizoharibika na nzima, na nitaeleza tofauti yao kwa undani kwa sababu mafundi wengi bado wanafuata njia ya yule wa kwanza. Majina ya wahusika nimeyaacha.

Yadi na mzigo wake

Mufindi ni nchi ya paini. Shamba la miti la Sao Hill, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), peke yake lina zaidi ya hekta 135,000, na pembeni yake wakulima wengi wamepanda paini na mikaratusi yao wenyewe. Miti ya wakulima wadogo mara nyingi huvunwa ingali myembamba na kuchanwa kwa dingdong, ile benchi ya chuma yenye msumeno wa duara unaozungushwa na injini ya dizeli. Hakuna winchi wala folklifti. Gogo linatoka kwenye lori mpaka kwenye benchi kwa nguvu za watu.

Katika yadi hii magogo hushushwa na kulundikwa kwenye mteremko mdogo, kisha vibarua huyatoa moja moja. Gogo la kawaida pale lina futi 12, kipenyo sentimita 25 hivi. Ujazo wake unakaribia mita za ujazo 0.18, na kwa kuwa paini mbichi huwa na kilo 800 hadi 1,000 kwa kila mita ya ujazo, gogo moja ni kilo 145 hadi 180. Kuliburuta kwenye udongo mkavu kunahitaji nguvu ya nusu ya uzito huo au zaidi. Watu wawili wenye afya wanaliweza, lakini kwa shida, na wanachoka kabla ya saa nne asubuhi.

Vifaa vilikuwa mitaimbo, kamba ya katani na mikono mitupu. Mtaimbo unanyanyua vizuri lakini haushiki: ukishalitikisa gogo, lazima mtu apitishe mkono chini ya ncha yake ili aligeuze. Hapo ndipo kidole cha kijana mmoja kilipobanwa kati ya magogo mawili, ukucha ukatoka wote. Tajiri, yaani mwenye yadi, akashtuka. Kabla ya hapo waliwahi kujaribu sururu, na wazo lenyewe halikuwa baya, kwa kuwa sururu ina ncha na ina mpini. Ila ni nzito mno kwa mtu wa kuipiga na kuichomoa siku nzima, na ncha yake butu imetengenezwa kwa ajili ya udongo na mawe. Kwenye gome la paini inateleza, na ikiteleza inakuja kwenye ugoko wa mpigaji.

Kilichokuwamo ndani ya kiroba

Mashoka yalikuwa ya aina tatu, na ni vizuri kuyatenganisha kwa sababu watu huyahesabu kama kitu kimoja.

Mengi yalikuwa mashoka ya dukani yenye tundu la mpini, yaliyofuliwa kiwandani kwa chuma cha aina moja kuanzia kisogo hadi makali. Chuma hicho kina kaboni ya wastani, kwa hiyo kikipashwa na kupozwa haraka kinakuwa kigumu. Machache yalikuwa ya zamani na mazito, ya ule utengenezaji ambao mwili ni chuma laini na makali ni kipande cha chuma kigumu kilichoungwa motoni. Ukiyasugua msasa ubavuni unaona mstari hafifu wa kiungo. Shoka kama hilo likinolewa kwa miaka, sehemu ngumu inakwisha yote, na kilichobaki hakiwezi kutiwa ugumu hata ukikichovya mara mia. Aina ya tatu ni mashoka ya kienyeji yasiyo na tundu, yenye mkia mwembamba unaopenya kwenye kirungu cha mpini.

Haya ya mkia hayafai kabisa kwa kazi hii. Unapokata kuni, kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi, na ndiyo maana shoka lile limedumu vizazi na vizazi. Unapovuta gogo, nguvu inakuja upande mwingine: mkia unageuka kuwa mtaimbo ndani ya tundu lake na kukipasua kirungu. Nimewaona watu wakijaribu kufunga waya. Waya hausaidii.

Njia rahisi ya kuyatambua mashoka ya aina mbili za mwanzo ni kuyagusisha kwenye jiwe la grainda na kutazama cheche. Chuma chenye kaboni hutoa cheche fupi zinazochanua vijitawi vingi. Chuma laini hutoa mistari mirefu isiyochanua. Gusa makali, kisha gusa shavu la tundu. Zikifanana, shoka ni la chuma kimoja.

Kulabu zilizokatwa

Fundi wa kwanza alikuwa kijana anayechomelea mageti na madirisha mjini Mafinga. Kazi yake ilikuwa safi kwa macho. Alichora umbo kwa chaki kwenye ubapa wa shoka, akaikata kona ya chini ya makali, ile inayomwelekea mshika mpini, akaacha ukanda wa juu uliopinda kidogo na kuishia kwenye ncha. Kila baada ya sekunde chache alikichovya kichwa kwenye ndoo ya maji ili chuma kisiungue na kupoteza ugumu. Hilo alilijua, na wengi hawalijui. Akazipaka rangi nyekundu, akazitia mipini ya shoka ya kawaida, akazikabidhi.

Ya kwanza ilijipinda. Ukitaka kujua kwa nini, utazame ubapa wa shoka kwa pembeni: ni kabari. Karibu na tundu ni mnene, katikati una milimita 6 hivi, kwenye makali hauna kitu. Ukanda aliouacha kijana ulikuwa na upana wa milimita 40 na unene wa milimita 6. Mtu akivuta sawasawa na mpini, nguvu inapambana na ule upana wa 40, na kulabu haitikisiki. Nguvu ikija kwa ubavu inapambana na 6 tu. Kwa mpindo, ukanda wa vipimo hivyo ni dhaifu kwa ubavu karibu mara 7 kuliko kwa upande wake wa nguvu. Na kwenye lundo la magogo nguvu ya ubavu haikosekani, kwa sababu gogo likitoka mahali pake linajiviringisha ncha ikiwa bado imo ndani.

Ncha bapa ilikuwa na kasoro nyingine ambayo vibarua waliigundua kabla ya fundi. Ukivuta gogo kwa urefu wake, mpini unalala sambamba na gogo, na ubapa wa shoka unalala sambamba na mpini. Maana yake ubapa unaingia sambamba na nyuzi za mti, jambo ambalo shoka limeumbwa kulifanya: kupasua. Ncha ilikuwa inaichana paini kuelekea mvutaji na kutoka na kibanzi, au inafungua ufa mwishoni mwa gogo. Ufa huo unaingia kwenye kila ubao unaopita pale, na ubao wa futi 12 uliopasuka mwisho unakatwa na kuuzwa kama wa futi 10. Msimamizi wa yadi alikuwa mkali kwa jambo hili kuliko kwa vidole, na sitamlaumu sana. Ndiyo hesabu anayoulizwa jioni.

Ya pili ilivunjika. Ilivunjikia kwenye kona ya ndani, pale mikato miwili ya grainda ilipokutana. Jiwe la kukatia ni la duara, kwa hiyo ili mikato ikutane upande mmoja lazima uvuke upande wa pili, na pale panabaki mchanjo. Kona kali yenye mchanjo inakusanya nguvu yote sehemu moja. Kwenye uso wa mvunjiko ulionekana ukingo mdogo mweusi, ufa uliokuwepo kwa siku kadhaa, na sehemu iliyobaki iling'aa kwa kuwa iliachia ghafla. Dawa yake ni ndogo: toboa tundu la milimita 10 au 12 mahali kona itakapokuwa, kata mpaka kwenye tundu, kisha laini kwa tupa ya mviringo. Anayekata kwa grainda na akafanya hivyo, kulabu yake haitavunjikia hapo. Itajipinda tu.

Ya tatu kichwa kilichomoka kwenye mpini wakati kijana anavuta, naye akaenda chini kwa mgongo. Hakuumia. Suala la mpini lina mambo yake, nitalirudia.

Kwa mhunzi

Tajiri alizipeleka kulabu hizo kwa mzee mmoja anayefua mapanga, nyengo na majembe. Nilikuwepo. Mzee aliichukua ile iliyojipinda, akaigeuza kwenye mwanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakata?"

"Kijana wa mageti, mzee."

"Mkono wake mzuri. Ila chuma hiki hakikwisha, kakitupa chini." Akaonyesha kwa kidole pale palipokuwa na kona iliyokatwa.

Sentensi hiyo ndiyo kiini cha kisa chote. Grainda inaondoa, nyundo inahamisha. Shoka lililochakaa tayari limepoteza chuma kingi kwa kunolewa, na ukilikatia umbo unalipunguzia tena palepale penye upungufu. Kwenye moto, upana usiohitajika unarudishwa kuwa unene unaohitajika. Hesabu inaonyesha: ukanda wa milimita 40 kwa 6 ukiubana kuwa mraba unapata milimita 15 na nusu kila upande. Chuma kilekile, uzito uleule, lakini sasa ubavuni kina nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya awali. Upande wa kuvuta kimepungua nguvu, ni kweli, ila huko kulikuwa na ziada isiyotumika.

Faida ya pili ni urefu. Ukanda wa sentimita 5 tu mbele ya tundu, kwa vipimo vile, una sentimita za ujazo 12. Mwiba wa pembe nne wenye kitako cha milimita 15 na urefu wa sentimita 12, unaochongoka mpaka ncha, unahitaji sentimita za ujazo 9. Kwa hiyo hata shoka lililonolewa mpaka likabaki kisiki linatosha, na bado una akiba ya kile kinacholiwa na moto kwa magamba. Mashoka ambayo kijana wa mageti aliyakataa kwa ufupi, mzee aliyachukua.

Kabla ya kuwasha moto aliyachambua matundu. Alipaka mafuta ya taa kwenye mashavu, akasubiri kidogo, akafuta kwa kitambaa kikavu, kisha akapaka chokaa ya unga. Penye ufa mafuta yalijitokeza tena na kuchora mstari juu ya chokaa. Vichwa viwili vilionyesha mstari, akaviweka kando bila mjadala. Vichwa vilivyopasuka kisogo kwa kupigiwa misumari na kabari alivikata ile midomo iliyopinduka, kwa sababu ikipigwa tena huruka vipande vyenye makali.

Karakana yake ni ya kawaida kwa huku: mkaa, feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na kipande cha reli kilichosimikwa kwenye kisiki badala ya fuawe. Alipasha ubapa wote mpaka rangi ya machungwa iliyokolea, akaiondoa kona ya chini kwa tindo, si yote, kisha akausimamisha ukanda kwa ukingo wake na kuanza kuupiga.

Hapa kuna jambo linalotaka jicho. Ukanda mwembamba ukipigwa kwa ukingo unataka kujikunja. Mzee alikuwa akipiga mapigo mawili matatu kwa ukingo, anaulaza, anaunyoosha kwa mapigo mepesi, anausimamisha tena. Hakuruhusu mkunjo ukue. Ukiuacha ukue halafu ukaulaza kwa nguvu, chuma kinajilalia chenyewe na kubaki na mshono ndani, na mshono huo ni ufa unaongoja siku yake. Rangi ikishuka kuwa nyekundu ya giza aliurudisha ukanda motoni hata kama alibakiza mapigo machache. Kufua chuma cha kaboni kikiwa kimepoa ndiko kunakozaa nyufa ambazo mtu anakuja kuzilaumu kwenye maji ya kupozea. Na kikianza kurusha cheche chenyewe motoni, kimeungua. Hapo hakuna dawa isipokuwa kukata.

Mwiba ulipokuwa wa mraba alichonga ncha, akaupinda kidogo kuelekea mpini juu ya mdomo wa reli, akaacha mahali mwiba unapoungana na tundu pakiwa na mviringo mpana bila kona. Alikisia pembe kwa jicho. Nilipoipima baadaye ilikuwa nyuzi 80 hivi kati ya mwiba na mpini. Pembe hii ndiyo inayoamua kama kulabu itashika. Ikiwa chini ya 90, kila unavyovuta ncha inazama zaidi. Ikizidi 90, unavyovuta ndivyo unavyoichomoa. Ukiibana sana, kama 60, inashika vizuri lakini kuing'oa ni kazi nyingine, na kibarua ataanza kuing'oa kwa kuipindapinda ubavuni.

Ugumu wa ncha

Fundi aliyezoea mapanga atataka ncha iwe ngumu. Kwa kulabu hiyo ni hatari. Makali ya shoka yanahitaji ugumu ili yasibutuke. Ncha ya kulabu inahitaji kwanza isivunjike, kwa sababu inapindwa zaidi ya inavyokata. Kubutuka si tatizo, paini ni laini.

Alichofanya mzee ni hiki. Alipasha kichwa kizima na kukiacha kipoe hewani, akarudia mara mbili zaidi, ili chuma kilichochoshwa na nyundo kitulie. Kisha akapasha sentimita 3 za mwisho tu mpaka sumaku ikaacha kushika, akaongeza kidogo, akachovya ncha kwenye mafuta yaliyopashwa vuguvugu. Sumaku ni kipimo cha kuaminika: chuma huacha kuvutwa kwenye nyuzi joto 770 hivi, na ugumu unataka kidogo juu ya hapo. Alitumia mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangiwa. Oili chafu ya injini inafanya kazi pia, lakini moshi wake mtu asiuvute, na kibandani kama kile unaingia wote kifuani. Maji angeweza kuyatumia kwa baadhi ya mashoka na mengine yangepasuka palepale.

Baada ya kuchovya, alisugua ncha kwa kipande cha jiwe mpaka ikang'aa, akapasha mwiba upande wa tundu, akasubiri joto litembee. Rangi zilipita zikifuatana kuelekea ncha: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Kwa shoka angesimamisha kwenye njano au kahawia. Kwa kulabu aliacha bluu ifike mpaka mwisho, karibu nyuzi 300, ndipo akachovya kuzuia. Tundu lenyewe halikuguswa na mafuta hata kidogo; libaki laini.

Vile vichwa vya zamani ambavyo chuma kigumu kilikuwa kimekwisha alivifua vivyo hivyo na hakuhangaika kuvichovya. Nilitarajia vibaya zaidi. Vinabutuka mapema kuliko vingine na vinanyooshwa kwa nyundo bila kuvunjika. Kwa yadi isiyo na fundi karibu, sina hakika kama hivyo si bora.

Tundu na mpini

Sasa turudi kwenye kichwa kilichochomoka. Mpini wa shoka huingizwa kutoka chini na kufungwa kwa kabari juu. Shoka linapotua kwenye mti, kichwa kinasimama na nguvu inaisha. Kulabu haina kutua: nguvu ya kuvuta inakivuta kichwa kielekee mwisho wa mpini, moja kwa moja, kwa muda wote mtu anavuta. Kinachozuia ni kabari peke yake. Na mpini wa mti mbichi, unaokauka juani, unalegea ndani ya wiki chache.

Sururu ina jibu tayari. Mpini wake umetutumka mwishoni na unapitishwa kutoka juu, na tundu ni pana juu kuliko chini, kwa hiyo kadiri unavyovuta ndivyo unavyojibana. Mzee alilipasha tundu la kila kichwa na kulipanua upande wa juu kwa chuma cha mfano wa yai alichokuwa nacho, kilekile anachotumia kwa majembe. Ni kazi ya moto mmoja. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, hata kuliko umbo la mwiba, na ndiyo ambayo mtu mwenye grainda peke yake hawezi kuiiga. Kama huna moto, basi angalau piga pini ya chuma kupita tundu na mpini, na uikague kila asubuhi.

Mipini ilichongwa kwa mwati, mti ulioenea Njombe na majirani zake tangu ulipoanza kulimwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Ulipasuliwa badala ya kuchanwa kwa msumeno, ili nyuzi ziende moja kwa moja toka juu hadi chini. Urefu mita 1 kasoro kidogo. Tajiri alitaka mirefu zaidi, mzee akamwambia, "Mwanangu, ukitaka mrefu wanunulie kamba." Kulabu ndefu inapigwa ovyo kwa sababu jicho na ncha viko mbali.

Kuvuta na kuviringisha ni kazi mbili

Kulabu zilipoanza kazi, vidole viliondoka chini ya magogo siku hiyohiyo. Ncha inapigwa juu ya gogo, karibu na mwisho wake, inazama sentimita 2 hivi. Kina hicho kinaishia kwenye sehemu itakayoondoka kama banzi, kile kipande cha nje chenye gome, kwa hiyo mbao hazidhuriki. Mvutaji anasimama pembeni ya njia ya gogo, mguu mmoja nyuma, havuti kwa kurudi kinyumenyume kwenye mteremko. Chini ya gogo wanatandaza mabanzi mabichi, upande wa utomvu juu, na uzito unaohisiwa unapungua sana.

Lakini baada ya muda baadhi ya kulabu zilirudi kwa mzee zikiwa na mipini iliyopasuka. Vichwa vizima. Ukiwatazama vibarua wakifanya kazi unaelewa: walikuwa wanazitumia kuviringisha. Wanapiga ncha kwenye ubavu wa gogo na kuukandamiza mpini kama mtaimbo. Na hawakuwa wajinga. Kutoka kwenye lundo mpaka kwenye benchi, sehemu kubwa ya safari gogo linatakiwa kuviringishwa, si kuburutwa, kwa kuwa kuviringisha ni kazi nyepesi zaidi. Ombi la tajiri lilisema "kitu cha kuvutia magogo", na mafundi wote wawili walijibu ombi kama lilivyosemwa. Hakuna aliyekwenda kukaa kwenye lundo asubuhi moja kabla ya kupasha chuma.

Kifaa cha kuviringisha ni kingine: mpini mrefu na ndoano kubwa yenye bawaba, inayokumbatia gogo na kujibana yenyewe unapokandamiza. Wakata miti wa Amerika Kaskazini walikuwa na cha namna hiyo chenye ndoano iliyoning'inia kwa pete huru, ikayumba kila upande. Mwishoni mwa miaka ya 1850 mhunzi aitwaye Joseph Peavey, wa Stillwater jimboni Maine, aliifunga ndoano kwa bawaba inayocheza upande mmoja tu na kutia mwiba mwishoni mwa mpini. Kifaa hicho bado kinaitwa kwa jina lake, na hakijabadilika sana.

Je, ndoano hiyo inaweza kutoka kwenye shoka chakavu? Tulilijadili, na jibu langu ni hapana. Ndoano ya kukumbatia gogo la sentimita 25 inahitaji chuma kirefu kuliko kinachopatikana hata kwenye shoka zima, na kuunga vipande kwa kuchomelea kwenye chuma cha kaboni ni kukaribisha mvunjiko pembeni ya kiungo. Jani la springi ya gari linafaa zaidi, ni refu tayari, na likifuliwa na kuachwa lipoe hewani linakuwa imara bila kulichovya. Mzee alitengeneza mbili kwa springi, kwa mpini wa futi 5, bawaba ikiwa boliti iliyopita kati ya mabati mawili mazito yaliyofungwa kwenye mpini.

Sasa yadi ina mgawanyo. Mtu mwenye kulabu analitoa gogo kwenye lundo kwa ncha yake. Wawili wenye ndoano za springi wanaliviringisha juu ya reli za mabanzi mpaka kwenye benchi. Kulabu inatumika tena kulisogeza sentimita za mwisho kwenye msumeno, injini ikiwa imepunguzwa mwendo na mtu akiwa mbali na jino. Kulabu za kijana wa mageti hazikutupwa. Moja, iliyokatiwa kona ya mviringo na kupewa pini, inatumika kuvuta mabanzi na vipande vifupi, na kwa mzigo huo haijajipinda.

Ncha zikibutuka msimamizi amekatazwa kuzipeleka kwenye grainda. Zinanolewa kwa tupa, pembe nne ziendelee kuwa nne, na mwiba ukishafupika kiasi cha kutofika kwenye mti safi chini ya gome, kichwa kinarudi kwa mzee kuvutwa tena motoni.